Ndege wa Bustanini Mbele ya Kamera

Ndege wa bustanini ni ndege wa porini waliozoea makazi ya watu. Hakuna anayewafuga wala kuwaita, na mlango ukifunguliwa kwa kishindo huruka kama wenzao wa msituni. Ila riziki yao wanaipata kwenye mipapai, kwenye maua, kwenye nyasi zilizokatwa na kwenye maji yanayodondoka bombani. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na Tanzania vilevile, lakini bustani moja ya Nairobi, Arusha au Mombasa hutembelewa mara kwa mara na spishi chache tu, na aghalabu ni ndege walewale wanaorudi kwenye matawi yaleyale kwa saa zilezile. Kwa mpiga picha, jambo hilo lina thamani kuliko lenzi ya bei kubwa. Mgeni wa mbugani humwona ndege mara moja na huenda asimwone tena. Mwenye bustani anaweza kujua leo ndege atatua wapi kesho, akaandaa mahali pa kukaa, mwanga na mandhari ya nyuma kabla ndege mwenyewe hajafika.

Ndege anayefaa kuanza naye ni shore. Ana kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia ana rangi ya manjano inayoonekana anapoinama. Hana woga mwingi, hupenda kutua juu kabisa ya kichaka, na huimba akiwa wazi. Tena ndiye mlinzi wa bustani: akimwona nyoka, paka au bundi hupiga kelele mfululizo mpaka ndege wengine wakusanyike kuona kuna nini. Anayezisikia kelele hizo akasogea taratibu hukuta ndege wa aina kadhaa kwenye mti mmoja, wote wakitazama upande mmoja, wamesahau kumwogopa mtu.

Kuzumburu naye ni rahisi, ingawa wenye mipapai hawampendi. Ni ndege wa kahawia mwenye mkia mrefu mwembamba, huenda kwa makundi, na hula matunda, machipukizi na majani. Asubuhi yenye baridi kundi zima hujianika: kila mmoja huning'inia tawini kwa miguu, tumbo likiwa limeelekea jua, kwa kuwa joto hilo husaidia kumeng'enya majani aliyokula. Hukaa hivyo kwa muda mrefu bila kuhama, na miale ya asubuhi huangaza manyoya ya kifuani mpaka kila uzi unahesabika. Hakuna haja ya mbinu yoyote hapo isipokuwa kuamka mapema na kutosogea haraka.

Kurumbiza ni kinyume chake. Ana kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi na mstari mweupe juu ya jicho, na sauti yake ni miongoni mwa sauti nzuri kuliko zote zinazosikika mijini alfajiri na magharibi. Lakini hukaa chini ya vichaka, penye kivuli, na hutoka wazi wakati ambapo mwanga haujatosha au umekwisha kufifia. Tetere, chiriku, shomoro, kwenzi na mnana wako katikati ya hao wawili. Chozi ana mambo yake, na yataelezwa hapa chini. Kwarara, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda anayetembea kwenye nyasi za Nairobi akichokoa wadudu ardhini, anaweza kupigwa picha hata na mwenye lenzi ya kawaida.

Kikwazo cha kwanza ni udogo wa ndege wenyewe, na hesabu yake si ngumu. Chozi wa kawaida ana urefu wa sentimita 11 hivi. Kwenye kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 400 iliyoelekezwa umbali wa mita 5 huona upana wa sentimita 45 tu, hivyo chozi hujaza takriban robo ya picha. Akiwa mita 10, hujaza thumuni. Kamera zenye sensa ndogo, ambazo ndizo za bei nafuu na ndizo nyingi madukani, hukata kingo za picha na kumfanya ndege aonekane mkubwa zaidi: kwa lenzi ileile na umbali uleule wa mita 5, chozi hujaza zaidi ya theluthi. Kwa hiyo kamera ndogo iliyotumika, ikiwa na lenzi ya milimita 300 au 400, inatosha kabisa kwa bustani. Zipo pia kamera zenye lenzi isiyobadilishwa inayovuta mbali sana; picha zake hupungua ubora mwanga unapokuwa hafifu, lakini kwa ndege aliyetulia juani hufanya kazi ya kuridhisha.

Mwenye simu peke yake hana sababu ya kukata tamaa, bali abadili njia. Simu huona eneo pana mno. Ndege aliye mita 5 mbele yake hutoka kama nukta. Ikiegeshwa nusu mita tu kutoka kwenye beseni la maji, ikaachwa ichukue video au ibonyezwe kwa mbali kwa kifaa kidogo cha bluetooth, ndege yuleyule huchukua sehemu inayoonekana vizuri. Ndege huzoea simu iliyokaa kimya juu ya tofali ndani ya siku moja au mbili. Njia nyingine ni kuweka kamera ya simu kwenye kioo cha darubini, pale jicho linapowekwa. Mkono hutetemeka mwanzoni, na kuna duara jeusi pembeni ya picha, lakini darubini inayokuza mara 8 huleta karibu ndege ambaye simu pekee isingemfikia.

Baada ya umbali huja mwanga. Karibu na ikweta jua hupanda wima na haraka. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu, miale huja kwa mshazari, ina joto la rangi, na huingia chini ya ukope wa ndege. Kufikia saa tano jua linakaribia utosini: mgongo wa ndege hung'aa kupita kiasi, tumbo na macho huzama kivulini, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayorudisha kilichopotea. Mwanga mzuri hurudi kuanzia saa kumi jioni. Wengi huziacha kamera zao ndani siku ya mawingu, na hilo ni kosa, kwa sababu wingu jepesi hutawanya mwanga kila upande na kuondoa vivuli vikali. Asubuhi za kijivu za Nairobi kati ya Juni na Agosti zinafaa sana kwa ndege weusi na weupe, ambao jua kali huwaharibia picha.

Chozi ndiye huonyesha vizuri kuliko wote jinsi mwanga unavyotawala picha ya ndege. Dume hung'aa kijani, buluu au zambarau, kisha akigeuka kidogo tu anakuwa mweusi tii. Sababu iko kwenye unyoya wenyewe. Manjano ya mnana ni rangi halisi iliyomo ndani ya manyoya, inayotokana na chakula, kwa hiyo ni manjano ukimtazama kutoka upande wowote. Mng'ao wa chozi hautokani na rangi ya namna hiyo. Ndani ya nyuzi ndogo kabisa za manyoya yake kuna vibamba vidogo sana vya melanini vilivyopangwa kwa matabaka, na mwanga ukiyapiga matabaka hayo, mawimbi ya rangi fulani huungana na kurudi kwa nguvu huku mengine yakifutana. Rangi gani irudi, na irudi upande gani, hutegemea pembe ya mwanga na pembe ya anayetazama. Mwanga ukitoka nyuma ya bega la mpiga picha, chozi huwaka. Ukitoka ubavuni, sehemu ya kifua huwaka na nyingine hufifia. Jua likiwa nyuma ya ndege, hubaki umbo jeusi lenye mdomo uliopinda.

Hivyo anayetaka picha ya chozi hapaswi kumfuata chozi. Aanze na ua. Mishubiri, miamba-ngoma na haibiskasi ndiyo maua yake ya kila siku bustanini, na mti mmoja wenye maua mapya huweza kuwa na dume mmoja anayeulinda kutwa nzima, akiwafukuza wengine na kurudi kila mara kwenye kijiti kimoja cha juu. Mpiga picha huchagua upande ambao jua la asubuhi litakuwa nyuma yake, hukaa hapo, na kulenga lile ua lililochanua karibuni, kwa kuwa ndilo lenye asali. Tofauti na ndege wavumaji wa Amerika, chozi hapendi kuning'inia hewani. Hupepea kidogo kisha hutua kwenye bua na kunyonya akiwa ametulia kwa sekunde mbili au tatu. Hizo ndizo sekunde za kazi. Kwenye haibiskasi mambo hubadilika kidogo: mdomo wa ua ni mpana na asali iko mbali, basi chozi hutoboa tundu kitakoni mwa ua na kunyonya kutokea nje. Lenzi iliyoelekezwa kwenye mdomo wa ua humkosa. Inayoelekezwa kwenye kikonyo humpata.

Mipangilio ya kamera hufuata mwendo wa ndege. Ndege aliyetulia hutosheka na spidi ya shata ya 1/500 ya sekunde. Anayerukaruka tawini, kama chiriku, huhitaji 1/1000, na anayeruka huhitaji 1/2000 au zaidi, la sivyo mabawa hutoka yametikisika. Mkono wa mpiga picha nao unahesabiwa: ikiwa kamera haina kituliza-mtikisiko, spidi isishuke chini ya moja chini ya urefu wa lenzi, yaani lenzi ya milimita 400 isitumike chini ya 1/400. Tundu la lenzi likifunguliwa mpaka f/5.6 huingiza mwanga wa kutosha na kuifanya mandhari ya nyuma ipotee kama moshi. Linalobaki huachiwa ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga. Wanaoanza huogopa kuipandisha kwa sababu ya chenga, lakini picha yenye chenga kidogo inasafishika, ilhali picha iliyotikisika haina dawa. ISO 1600 au 3200 si jambo la kutisha kwa kamera za miaka ya karibuni.

Jicho la ndege ndilo hulengwa, kila mara. Kwa lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/5.6, ndege akiwa mita 5, sehemu inayotoka wazi mbele hadi nyuma ni kama sentimita 5 tu. Ndege aliyesimama kiubavu huingia humo mzima. Aliyeelekea kamera hutoka mdomo wazi na mkia ukungu, au kinyume chake, na mtazamaji husamehe mkia wenye ukungu lakini hasamehi jicho. Kamera nyingi za sasa hutafuta jicho la ndege zenyewe. Za zamani huwekwa nukta moja ya fokasi, na nukta hiyo huwekwa juu ya kichwa. Inafaa pia kungoja mpaka ndege ageuze kichwa kiasi cha kuokota nuru ya anga ndani ya jicho, kwani bila kinukta hicho cheupe ndege huonekana kama amekufa na kukaushwa.

Kamera hudanganyika kwa rangi mbili. Kipima mwanga chake hudhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Kunguru akijaza picha, kamera huongeza mwanga mpaka weusi wake unakuwa vumbi. Hapo mwanga hupunguzwa kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Yangeyange mweupe akisimama mbali mbele ya ua wa michongoma wenye giza, kamera huongeza mwanga kwa ajili ya michongoma na weupe wa ndege huungua kabisa. Hapo pia hupunguzwa. Akiijaza picha nzima, huongezwa. Manjano ya mnana juani huungua upesi kuliko inavyodhaniwa, na theluthi mbili za hatua zikipunguzwa, nyuzi za manyoya hurudi.

Lakini yote hayo hufanya kazi kidogo kama hakuna mahali palipoandaliwa. Maji huvuta ndege wengi kuliko chakula, hasa miezi ya kiangazi. Sahani ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua, yenye maji ya kina kisichozidi sentimita 5 na jiwe katikati, hutosha. Iwekwe mita mbili au zaidi kutoka kwenye kichaka ambacho paka anaweza kujificha, na maji yabadilishwe kila siku. Mbu wanaoeneza dengue, homa iliyozuka Dar es Salaam na Mombasa zaidi ya mara moja, hutaga kwenye vyombo vya maji kama hivyo, na maji yanayomwagwa kila asubuhi hayawapi mabuu yao nafasi ya kukua.

Ndege mdogo haingii majini moja kwa moja. Hutua kwanza karibu, hutazama huku na huku, kisha ndipo hushuka. Hapo ndipo penye picha. Tawi kavu lenye umbo zuri, likifungwa kwenye mti uliochomekwa ardhini hatua moja kutoka kwenye sahani, huwa ndicho kituo cha kila mmoja kabla ya kuoga. Liwe jembamba, lisiwe na majani yatakayomficha ndege, na liwe sawa na kimo cha lenzi, kwa kuwa picha iliyopigwa kutoka chini huonyesha tumbo na ya kutoka juu huonyesha mgongo. Kati ya tawi na kichaka cha nyuma pawe na mita 5 au 6. Umbali huo ndio unaogeuza majani ya fujo kuwa zulia laini la kijani. Ndege huyohuyo akitua mbele kabisa ya kichaka hicho, kila jani hugombana naye machoni mwa mtazamaji. Kamba ya kuanikia nguo, gari la jirani na ndoo ya plastiki vitazamwe kabla, maana mara nyingi huonekana picha ikishapigwa.

Dirisha la nyumba ni maficho mazuri kuliko hema lolote, ila si kila dirisha linafaa. Linaloangalia magharibi lina shida asubuhi, kwa sababu kivuli cha nyumba yenyewe huifunika sahani wakati mwanga ulipo mzuri. Linaloangalia mashariki lina shida hiyohiyo jioni. Katika nchi za ikweta, dirisha la upande wa kaskazini au kusini ndilo bora, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni hupita ubavuni bila kuzuiwa. Taa ya ndani huzimwa, pazia huachwa nafasi ya kupitisha lenzi tu, na kama kioo hakifunguki, lenzi huegemezwa karibu nacho kabisa ili isichukue mng'ao. Penye nyavu za mbu hakuna njia ila kuzifungua.

Mahali pasipo na dirisha la kufaa, kitambaa cha rangi iliyopooza kilichotandazwa juu ya vijiti vinne, au gari lililoegeshwa, hufanya kazi ileile. Ndege humwogopa mtu, umbo lake na mwendo wake; kitu kisichosogea hukizoea haraka. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walilifahamu jambo hili mapema. Walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza chenye picha za kamera tupu, bila michoro. Kamera yao ilikuwa nzito na ya vioo, na haikuweza kuvuta mbali, basi iliwabidi wamkaribie ndege sana. Walitengeneza hata ng'ombe wa ngozi aliye mtupu ndani, mpiga picha akaingia tumboni mwake na kulenga kupitia tundu. Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909 kupiga picha za sinema za wanyama, na akampiga picha Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa amestaafu mwaka huohuo, akiwa safarini Kenya.

Chakula kinaweza kuongezwa, kwa kiasi. Kipande cha papai lililoiva kikichomekwa kwenye msumari nyuma ya tawi, upande usioonekana na kamera, huleta kuzumburu na shore. Mtama au ulezi huleta tetere, chiriku na mnana. Mabaki yaondolewe kila jioni kabla hayajaoza. Bustani inayopuliziwa dawa za wadudu hukosa ndege hata ikiwa na maua mengi, kwani chozi mwenyewe, mnywaji wa asali, huwalisha makinda wake wadudu.

Mvua za masika na vuli huleta tamasha la mnana. Dume huchana utepe mrefu wa jani la mnazi au nyasi, huruka nao ukipeperuka nyuma yake, na kuanza kwa kufunga pete kwenye ncha ya tawi. Husimama ndani ya pete hiyo, miguu miwili imeshika pande mbili, na kusuka kila mahali mdomo wake unapofika. Kwa namna hiyo kipimo cha kiota ni kipimo cha mwili wake. Kisha huongeza chumba cha mayai upande mmoja na mlango upande wa pili. Kwa mpiga picha, siku ya pete ndiyo siku ya dhahabu, kwa sababu ndege anaonekana mzima ndani ya fremu aliyojisukia mwenyewe, na mbingu iko nyuma yake. Kiota kikifumbwa, kinachobaki ni mgongo na mkia. Kikikamilika, dume huning'inia chini yake akipepea mabawa na kupiga kelele kila jike anapopita. Jike huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo, na akikikataa dume hukifumua na kuanza upya. Utepe ukiwa mdomoni, mnana huja kwa njia ileile kila safari. Atakayelenga njia hiyo kwa spidi ya 1/2000, kamera ikipiga mfululizo, hatakosa picha ya kuruka.

Viota vya mnana vinavumilia watazamaji kwa kuwa viko juu na viko vingi. Viota vya ndege wengine havivumilii. Shore, chozi na kurumbiza hujenga chini au kwenye vichaka vya kimo cha mtu, na kiota chao kimefichwa na majani yaleyale ambayo mpiga picha hutamani kuyaondoa. Tawi moja likikunjwa pembeni ili lenzi ione, jua la saa sita huwapiga makinda wasio na manyoya, na kunguru huona kilichokuwa kimefichwa. Katika pwani hatari hiyo ni kubwa mno. Kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani nzima na miji ya bara, na anakula mayai na makinda ya ndege wadogo kila anapoyapata. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Bustani ya Mombasa au Dar es Salaam ambako chozi bado anafanikiwa kulea watoto inastahili kulindwa, na picha ya kiota haina uzito wa kutosha kuhatarisha hilo. Mzazi anayelia karibu, au anayesimama na chakula mdomoni bila kukipeleka, anasema wazi kwamba mtu yuko karibu mno. Mpiga picha arudi nyuma mara moja.

Kuna pia hatari ya upande wa pili. Eric Hosking, mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa ndege nchini Uingereza, alipoteza jicho mwaka 1937 aliposhambuliwa na bundi karibu na kiota alichokuwa akikipiga picha. Bundi, mwewe na kipanga walioweka kiota bustanini watazamwe kwa mbali.

Sauti za ndege zilizorekodiwa, ambazo siku hizi zimo kwenye kila simu, humleta dume kwa haraka kwa sababu anadhani ameingiliwa na mshindani. Huacha kula, huacha kulisha, huzunguka akimtafuta adui asiyekuwapo. Wakati wa kuzaa zisitumike kabisa. Na kwa watu nako kuna adabu yake: lenzi ndefu inayochungulia juu ya ukuta huzua maneno, hivyo jirani huambiwa mapema, na penye kambi ya jeshi, kituo cha polisi au ofisi za serikali kamera haielekezwi huko hata kama ndege ametua hapo.

Pwani, adui mkubwa wa vifaa ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na zikishatia mizizi kwenye kioo hazisafishiki vizuri. Kamera haifai kukaa miezi ndani ya begi kabatini. Sanduku la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na pakiti ndogo za chembechembe zinazonyonya unyevu kama zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, hulinda vizuri, mradi pakiti zibadilishwe zikishalowa. Anayetoka chumba chenye kiyoyozi huacha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa nje kabla ya kuitumia, la sivyo kioo hujaa jasho papo hapo.

Picha zikishapatikana huchujwa. Ndege mmoja aliyepigwa mfululizo huacha picha nyingi zinazofanana, na zinazobaki ziwe chache: jicho wazi, kichwa kimeelekea kamera kidogo, hakuna tawi linalokata uso. Kunyoosha upeo, kukata kingo na kurekebisha mwanga ni kazi ya kawaida. Kuongeza ndege asiyekuwapo au kufuta kamba aliyotua juu yake ni jambo lingine, na mashindano mengi ya picha za wanyamapori hudai faili ghafi la kamera ili kuhakikisha.

Picha hizo zina matumizi zaidi ya ukutani. Kenya Bird Map, iliyoanza mwaka 2013, imeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na yeyote anaweza kupeleka orodha ya ndege aliowaona ndani ya mraba wake. Tanzania Bird Atlas hukusanya taarifa za namna hiyo kwa upande wa Tanzania, na eBird hupokea orodha na picha kutoka nchi zote. Nature Kenya huendesha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Nairobi, na mgeni hukaribishwa. Bustani za mijini huwa na taarifa chache kuliko hifadhi, ingawa ndiko watu wengi wanakoishi, na picha yenye tarehe na mahali huthibitisha kile ambacho orodha tupu haiwezi. Saa ya kamera basi iwekwe sawasawa, na jina la mtaa liandikwe siku hiyohiyo.

Kumtambua dume wa chozi au mnana kwa kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kinachochora zaidi ya spishi 1,300 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ni kazi ya dakika chache. Majike ndiyo huwashinda hata wazoefu, kwa kuwa wengi ni wa kijivu na kijanikavu wanaofanana. Kwa ndege asiyejulikana, picha moja nzuri haitoshi. Zinatakiwa kadhaa, hata zisizopendeza: mgongo, ubavu, chini ya mkia, na mdomo kutoka pembeni ili urefu na mpindo wake upimike. Lisipopatikana jina, huandikwa "chozi jike", mti na tarehe, na picha huhifadhiwa. Dume akija kulisha makinda pamoja naye kwenye mti uleule, jina hupatikana.